Nahodha Mwenye Mkataba Akiomba Kuondoka: Kumzuia au Kumwachia?

Mwezi Oktoba 2025 Zach Merrett, nahodha wa Essendon katika ligi ya futiboli ya Australia (mchezo ulio tofauti na soka), aliiomba klabu yake imruhusu ahamie klabu ya Hawthorn. Hakuwa mchezaji aliyemaliza muda wake, kwa maana mkataba alioutia sahihi mwaka 2021 unafika mwisho wa 2027. Essendon ilisikiliza, ikaipima ofa ya Hawthorn, ikaikataa, na dirisha la kubadilishana wachezaji likafungwa huku nahodha akiwa amebaki palepale alipotaka kutoka. Mashabiki wa klabu hiyo ya Melbourne, ambayo haijatwaa ubingwa tangu mwaka 2000 na haijashinda mchezo hata mmoja wa hatua ya mtoano tangu 2004, waligawanyika makundi mawili. Kundi moja linashikilia kwamba mkataba ni mkataba, na klabu inayomwachia nahodha wake kwa bei ya chini huwafundisha wachezaji wengine kuomba kuondoka. Kundi la pili linasema kwamba mtu ambaye moyo wake umeshahama hafai kuongoza wenzake, na kwamba kila mwaka unaopita unaipunguza thamani yake.

Makala haya yanazipima njia hizo mbili kwa kutazama klabu ambazo zimewahi kuzipita. Naeleza mapema msimamo wangu: mjadala wa uaminifu na usaliti, ambao ndio unaochukua muda mwingi wa mashabiki, hausaidii kuamua lolote. Kinachoamua ni hesabu ya miaka iliyobaki katika mkataba, na kile ambacho klabu itakifanya na malipo itakayoyapata.

Soko lisilo na fedha

Msomaji aliyezoea usajili wa soka anahitaji kwanza kujua kwamba katika AFL, ligi kuu ya mchezo huu yenye klabu 18, hakuna ada ya uhamisho. Klabu inayompoteza mchezaji hailipwi fedha. Hulipwa wachezaji wengine, au nafasi katika uteuzi wa vijana unaofanyika kila Novemba, ambamo klabu iliyoshika mkia huchagua ya kwanza na bingwa huchagua wa mwisho. Nafasi hizo za uteuzi, kila moja na namba yake, ndizo sarafu ya soko lote. Jumla ya mishahara ya kila klabu ina ukomo uliowekwa na ligi, hivyo hakuna tajiri anayeweza kutatua tatizo kwa kufungua pochi.

Zaidi ya hayo, mchezaji hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo anayetaka kuondoka kwa kawaida huitaja klabu moja tu anayokubali kwenda, na klabu yake hujikuta ina mteja mmoja sokoni. Mnunuzi anayejua kwamba yuko peke yake dukani hana sababu ya kupandisha bei, na hapo ndipo ugomvi wa kila Oktoba unapoanzia.

Tangu mwaka 2012 kuna pia utaratibu wa mchezaji huru. Aliyeitumikia klabu miaka minane na mkataba wake ukaisha anaweza kuondoka, ingawa akiwa miongoni mwa wanaolipwa zaidi klabu yake ina haki ya kuifikia ofa ya mshindani; akitimiza miaka kumi, haki hiyo ya klabu nayo huondoka. Fidia, ikiwapo, hutolewa na ligi kwa njia ya nafasi ya uteuzi, na ukubwa wake hutegemea umri wa mchezaji na thamani ya mkataba wake mpya. Ni muhimu kulishika jambo hili la umri, maana linarudi mwishoni.

Njia ya kwanza: kumzuia

Faida kubwa ya kumzuia mchezaji ni kwamba muda hufanya kazi upande wa klabu, mradi muda wenyewe upo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Bryce Gibbs wa Carlton. Mwaka 2016 aliomba kurudi Adelaide kwa sababu za kifamilia, akiwa na mkataba hadi 2019. Carlton ilitaka nafasi mbili za mzunguko wa kwanza wa uteuzi (yaani zile za juu, klabu zinapochagua kwa mara ya kwanza), klabu ya Adelaide ikakataa, na Gibbs akabaki. Hakugoma wala hakulegea. Alicheza msimu wa 2017 vizuri, na mwaka huohuo Adelaide ikarudi na nafasi ya 10 na ya 16, yaani bei ileile iliyoikataa miezi kumi na miwili kabla. Gibbs alistaafu mwaka 2020. Mtu anayesema kwamba kumzuia mchezaji ni kuharibu thamani yake anapaswa kuueleza mfano huu kwanza.

Klabu iitwayo Melbourne ilipita njia inayofanana na hiyo. Christian Petracca, mchezaji bora wa fainali kuu ya 2021, alikuwa na mkataba hadi 2029 wakati mazungumzo ya kuondoka kwake yalipoanza mwaka 2024, mwaka ambao aliumia vibaya bandama na mbavu katika mchezo wa mwezi Juni. Kumwachia wakati ule kungekuwa kumuuza mgonjwa. Klabu ilimshikilia, akacheza msimu mzima uliofuata, na Oktoba 2025 akaenda Gold Coast kwa malipo yaliyojumuisha nafasi za mzunguko wa kwanza.

Lakini njia hiyohiyo, ikifuatwa na klabu ambayo haina miaka ya kuichezea, huwa maafa. Mwaka 2009 Luke Ball wa St Kilda alikuwa amemaliza mkataba wake na alitaka kwenda Collingwood. Klabu hizo mbili hazikuelewana juu ya bei, dirisha likafungwa, Ball akajiandikisha katika uteuzi wa mwaka huo, ambamo klabu yoyote ingeweza kumchagua, na Collingwood ikamchukua kwa nafasi ya 30. St Kilda haikupata chochote. Msimu uliofuata klabu hizo zilikutana katika fainali kuu. Mchezo wa kwanza uliisha kwa sare ya pointi 68 kwa 68, na wa marudiano Collingwood ikashinda kwa tofauti ya pointi 56, Ball akiwa amevaa jezi yake. St Kilda ina ubingwa mmoja tu katika historia yake, wa mwaka 1966. Miaka kumi baadaye Gold Coast ilirudia kosa hilohilo, kwa uchungu mdogo zaidi, ilipokataa ofa ya Carlton kwa Jack Martin mwaka 2019 na kumwona akienda Carlton bure kupitia uteuzi wa kabla ya msimu. Mtaka yote hukosa yote.

Kwa hiyo Gibbs na Ball si mifano inayopingana. Wote wawili walizuiwa na klabu zilizotaka bei nzuri. Mmoja alikuwa na miaka mitatu mbele yake, mwingine hakuwa na hata siku moja. Ukiondoa tofauti hiyo, hakuna kingine kinachoeleza kwa nini Carlton ilivuna na St Kilda ikaambulia patupu.

Njia ya pili: kumwachia

Wanaotetea kumwachia mchezaji hupenda kumtaja Chris Judd, na wana haki. Mwaka 2007 Judd, nahodha wa West Coast aliyekuwa na Nishani ya Brownlow (tuzo ya mchezaji bora wa ligi) ya 2004 na ubingwa wa 2006, alitaka kurudi jijini Melbourne. West Coast ilimwachia aende Carlton, na kwa malipo ikapata nafasi ya 3 na ya 20 pamoja na mshambuliaji kijana aitwaye Josh Kennedy. Judd alishinda Brownlow nyingine mwaka 2010, ila Carlton haikufika popote karibu na ubingwa akiwa nayo. Kennedy aliongoza ligi kwa ufungaji mwaka 2015 na 2016, akawa bingwa mwaka 2018, na alipostaafu alikuwa amefunga magoli zaidi ya 700. Inafaa kuangalia kwamba kilichoipa West Coast ushindi katika biashara hiyo hakikuwa nafasi ya 3 iliyopigiwa kelele na kila mtu; kilikuwa ni kijana ambaye tayari alikuwa anacheza na ambaye wataalamu wao walikuwa wamemwona kwa macho. Mashabiki wanaodai nafasi za uteuzi peke yake, kana kwamba namba ndogo ni mchezaji tayari, wangefaa kulikumbuka hilo.

Hata hivyo kuuza vizuri ni nusu ya kazi. Mwaka 2018 Lachie Neale wa Fremantle aliomba kwenda Brisbane akiwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Fremantle ilimwachia, na katika malipo ilipata nafasi ya 6 na ya 19. Kwa wakati ule wengi waliona bei ni ya haki. Fremantle ikaichukua nafasi hiyo ya 6, ikaongeza ya 23, ikampata Jesse Hogan, mshambuliaji wa Melbourne. Melbourne nayo ikaipeleka nafasi hiyohiyo ya 6 Gold Coast ili kuwapata Kade Kolodjashnij na Steven May, ambaye alikuwa nahodha mwenza wa Gold Coast na alikuwa ameomba kuondoka. Gold Coast ndiyo iliyoitumia hatimaye, ikamchagua mshambuliaji kijana, Ben King.

Nafasi moja ya uteuzi, basi, ilipita mikononi mwa klabu nne ndani ya wiki chache, na hesabu ya kila mmoja ikaja kusomeka baadaye. Brisbane ilimpata mshindi wa Brownlow wa 2020 na 2023 na bingwa wa 2024 na 2025. Melbourne ilimpata beki aliyesimama nyuma ya ubingwa wao wa 2021, wa kwanza tangu 1964. Gold Coast ilimwachia nahodha wake na ikapata mfungaji wa kuijengea timu. Fremantle, iliyoanzisha mzunguko wote huo, ilibaki na Hogan ambaye hakutulia huko na aliondoka kwenda Greater Western Sydney (GWS) mwaka 2020 kwa nafasi ya 54. Miaka minne baadaye, akiwa GWS, aliongoza ligi nzima kwa ufungaji. Na mwaka 2025 Gold Coast iliposhinda mchezo wake wa kwanza kabisa wa mtoano, iliyofungwa siku hiyo, kwa pointi moja, ilikuwa Fremantle. Siwezi kuiona hadithi hiyo kama hoja dhidi ya kumwachia mchezaji. Ninaiona kama hoja dhidi ya klabu inayomwachia mtu ikiwa bado haijajua inataka nini.

Kuna pia wachezaji ambao bei yao haikuonwa na yeyote kati ya pande mbili. Aliir Aliir, beki aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya na kukulia Australia, alitoka Sydney kwenda Port Adelaide mwaka 2020 kwa nafasi ya mzunguko wa pili wa mwaka uliofuata, na mwaka huo uliofuata akaingia katika kikosi bora cha ligi nzima. Sydney ilikuwa imefuata kanuni zote za busara. Nalitaja hili kwa kupita tu, ili msomaji asije akadhani kwamba hesabu ninazozipendekeza zinafuta bahati.

Jeraha la Daniher

Mashabiki wa Essendon hawajadili jambo hili wakiwa na kurasa tupu. Mwaka 2019 mshambuliaji wao Joe Daniher aliomba kwenda Sydney akiwa na mwaka mmoja uliobaki. Klabu ilikataa. Mwaka 2020 ukapita majeraha yakiwa yamemweka nje kwa sehemu kubwa ya msimu, mkataba ukaisha, na akaenda Brisbane kama mchezaji huru. Ligi iliifidia Essendon nafasi ya 7. Daniher alikuwa bingwa na Brisbane mwaka 2024 kisha akastaafu.

Kila kambi huusoma mkasa huo kwa faida yake. Wanaotaka kuwaachia wachezaji husema: mmeona, mlimzuia na mwaka mmoja baadaye akaenda hata hivyo. Wanaotaka kuwazuia hujibu kwamba nafasi ya 7 si haba kwa mchezaji aliyekuwa majeruhi, na kwamba klabu haikupoteza kitu kikubwa kwa kusubiri. Kwa maoni yangu wote wawili wanaruka jambo lililo kati. Fidia ile ilikuwa nzuri kwa sababu Daniher alikuwa na umri wa miaka 26 na alipewa mkataba mnono. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Tom Lynch, ambaye alipoondoka Gold Coast kama mchezaji huru mwaka 2018, akiwa na umri wa karibu miaka 26, klabu yake ilifidiwa nafasi ya 3, huku yeye akitwaa ubingwa wa 2019 na 2020 na Richmond. Klabu inayomzuia mchezaji wa miaka 25 ina mto wa kuangukia. Inayomzuia wa miaka 30 haina.

Mkataba unamfunga nani?

Hoja ya kwamba mkataba ni mkataba ina nguvu, lakini ingekuwa na nguvu zaidi kama klabu zenyewe zingekuwa zinaiheshimu. Mwaka 2020 Collingwood, ikiwa imebanwa na ukomo wa mishahara, ilimpeleka Adam Treloar kwa Western Bulldogs ingawa mkataba wake ulifika 2025, na ikakubali kuendelea kumlipa sehemu ya mshahara wake. Katika mwaka huohuo ilimpa Brodie Grundy mkataba wa miaka saba. Mwishoni mwa 2022 alipelekwa klabu ya Melbourne, na Collingwood ikawa inalipa sehemu ya mshahara wake pia. Mwaka 2025 Melbourne nayo ilimpeleka Clayton Oliver kwa GWS akiwa na mkataba hadi 2030, kwa mpango huohuo wa kuchangia mshahara. Shabiki wa Collingwood aliyeona ubingwa wa 2023 ukija baada ya kupunguza mizigo hiyo hawezi kusimama na kumwita Merrett msaliti kwa kutaka kuondoka miaka miwili kabla ya wakati, ingawa nimewasikia wengi wakifanya hivyo.

Ninachokipata katika mifano hiyo ni kwamba mkataba mrefu haumzuii mtu kuondoka. Unachofanya ni kuamua nani atalipa gharama ya kuondoka kwake. Mchezaji akiwa bado anatakiwa na wengi, miaka iliyobaki ni silaha ya klabu, kama ilivyokuwa kwa Gibbs; akiwa ameshuka kiwango, miaka ileile ni deni la klabu, kama ilivyokuwa kwa Grundy.

Chumba cha kubadilishia nguo

Hoja inayotajwa mara nyingi kuliko zote ni kwamba nahodha aliyeomba kuondoka huharibu hali ya wenzake. Ni hoja inayowezekana kuwa kweli katika klabu fulani na kuwa uongo katika nyingine, na shabiki aliye nje ya uzio hana namna ya kuipima. Gibbs na Petracca walirudi wakacheza. Naishauri kamati yoyote iwape wachezaji waandamizi nafasi ya kusema kwa faragha, kisha iendelee na hesabu nyingine. Unahodha wenyewe unaweza kukabidhiwa mtu mwingine pasipo kumuuza aliyekuwa nao.

Kuamua juu ya Merrett

Tukirudi sasa Essendon, swali la kwanza ni miaka. Oktoba 2025 Merrett alikuwa na misimu miwili ya mkataba mbele yake, kwa hiyo klabu ilikuwa katika hali ya Carlton ya 2016 na haikuwa katika hali ya St Kilda ya 2009. Kukataa ofa isiyoridhisha kulikuwa na mantiki, na wanaosema klabu ilifanya hivyo kwa kiburi tu wanaisahau nguvu iliyokuwa nayo siku ile.

Swali la pili ni umri, na hapa mizani inaanza kuelemea upande mwingine. Gibbs alikuwa na miaka 27 alipozuiwa. Merrett alitimiza 30 mwezi huohuo wa dirisha, na mkataba wake utakapoisha mwishoni mwa 2027 atakuwa na miaka 32, akiwa mchezaji huru ambaye Essendon haitakuwa na haki ya kumzuia. Fidia ya ligi kwa mtu wa umri huo, anayeelekea mkataba mfupi, haiwezi kufanana na ile ya Daniher. Isitoshe, klabu ya 19, Tasmania Devils, inaingia ligi mwaka 2028 na itakuwa inatafuta wachezaji wenye uzoefu kwa wakati uleule, jambo linalompa Merrett mteja wa ziada bila kuiongezea Essendon chochote.

Swali la tatu ni mahitaji ya timu. Essendon ilimaliza msimu wa 2025 katika nafasi ya 15. Timu iliyo karibu na ubingwa ina sababu ya kumshikilia mchezaji bora hata akiondoka bure baadaye, kwa sababu msimu mmoja wake unaweza kuleta kombe. Timu ya nafasi ya 15, yenye vijana wengi wanaohitaji miaka mitatu au minne ili wakomae, inamshikilia mtu ambaye hatakuwapo watakapokuwa wamekomaa. Wanaotaka abaki hujibu kwamba vijana hao wanahitaji mtu wa kuwafundisha kazi, na sikatai. Ila mwalimu huyo anaweza kupatikana kwa bei ndogo kuliko ile ambayo klabu inaweza kuipata kwa Merrett.

Kwa hiyo kama ningekuwa mwanachama mwenye kura, ningeunga mkono kumzuia Oktoba 2025 na ningepinga kumzuia Oktoba 2026. Hilo ndilo dirisha la mwisho ambalo klabu bado itakuwa na kitu cha kuuza, yaani msimu mmoja wa mkataba, na bei yake itakuwa chini kuliko ile iliyotajwa mwaka mmoja kabla. Ningetaka pia kamati ianze mapema kuwatazama vijana walio tayari katika vikosi vya wanunuzi, kwa mtindo wa West Coast na Kennedy, badala ya kukaa hadi saa ya mwisho ikingoja namba ndogo za uteuzi ambazo klabu inayofanya vizuri, kama Hawthorn iliyofika nusu fainali mwaka 2025, kwa kawaida haina.